Dawa ya Kuizima Dawa

Tarehe 16 Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani ya CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kuruhusiwa kutumika nje ya majaribio. Wiki tatu baadaye Marekani ikafuata. Miongoni mwa magonjwa yaliyolengwa ulikuwamo selimundu, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wa Mwanza na Kisumu watege masikio. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwa nini jeni ya selimundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria: anayerithi nakala moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayerithi mbili huugua. Katika majaribio ya Casgevy yaliyopitiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila yale maumivu makali yanayowakimbiza hospitalini usiku. Aliyewahi kumpakata mtoto wa selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa anajua miezi 12 ya namna hiyo ina thamani gani.

Lakini itazame tiba yenyewe inavyofanyika. Seli shina za damu hutolewa mwilini kwa mashine, husafirishwa hadi kiwandani, huhaririwa, hupimwa na kugandishwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua hadi miezi 6. Kisha mgonjwa hupewa busulfani, dawa ya kemotherapi inayofagia uboho ili seli mpya zipate mahali pa kukaa. Busulfani huweza kumwacha mtu bila uwezo wa kuzaa. Akisharudishiwa seli zake, hulazwa wiki 4 hadi 6 akisubiri damu yake ijijenge upya. Bei ya Casgevy Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bila gharama za kulazwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye selimundu kila mwaka.

Kwa nini basi seli zitolewe nje, kwa gharama na mateso yote hayo? Kwa sababu nje ya mwili maswali mawili magumu hayajitokezi. Kihariri kitafikaje kwenye seli zinazokihitaji, na hizo tu? Na kikishamaliza kazi, nani atakisimamisha? Kwenye chombo cha maabara seli ziko mbele ya macho yako, na kihariri unaweza kukisafisha ukimaliza. Ndani ya mwili wa mtoto hakuna pa kusafishia. Kwa kadiri ninavyoona, majibu ya maswali hayo hayatatoka kwa wanabiolojia peke yao. Yanatoka pia kwa wakemia wa usanisi, watu wanaojenga molekuli ambazo hazikuwahi kuwapo na kuzibadilisha atomu moja moja hadi zitii.

Tuanze na kufika.

Cas9, protini inayofanya kazi ya kukata katika CRISPR, ilitoka kwa bakteria Streptococcus pyogenes, walewale wanaoleta vidonda vya koo. Bakteria hao huitumia kukata DNA ya virusi vinavyowavamia. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba protini hiyo inaweza kuongozwa na kipande cha RNA kwenda kukata mahali unapotaka, mradi herufi 20 za mwongozo huo zifanane na za mahali pale. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, si ya tiba, na naona waliotoa tuzo waliliweka jambo mahali pake. Cas9 ina uzito wa daltoni 160,000 hivi. Molekuli ya parasetamoli ina daltoni 151. Kitu kizito kiasi hicho hakipenyi utando wa seli, ambao umejengwa kwa mafuta. Hata ukipeleka maelekezo tu, yaani mRNA, ili seli ijitengenezee Cas9 yenyewe, bado una uzi mrefu wenye chaji hasi ambao vimeng'enya vya damu huukatakata upesi.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuazima virusi. Vyenyewe vimezaliwa kwa kazi ya kuingia kwenye seli. Septemba 1999, huko Philadelphia, kijana wa miaka 18 aitwaye Jesse Gelsinger alipewa adenovirusi zilizobeba jeni ya kusaidia ini lake. Alikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho OTC, ambao hulifanya ini lishindwe kugeuza amonia ya protini kuwa urea. Kinga ya mwili wake iliviona virusi, ikalipuka. Alifariki siku 4 baadaye, na fani nzima ya tiba ya jeni ikarudi nyuma kwa miaka.

Februari 2025, katika mji huohuo, mtoto wa miezi sita aitwaye KJ Muldoon alipewa dripu ya kwanza ya kihariri kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake. Ugonjwa wake, upungufu wa CPS1, ni wa ukoo mmoja na ule wa Gelsinger: ini lilelile, amonia ileile, hatua moja tu nyuma kwenye mnyororo uleule wa kemikali. Timu ya Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru ilisoma kosa la herufi kwenye jeni yake na kumtengenezea dawa ndani ya miezi 6. Alipewa dozi 3. Baada ya hapo aliweza kula protini zaidi na kupunguziwa dawa za kushusha amonia, na mwezi Juni akarudi nyumbani. Hakuna virusi vilivyotumika. Kihariri kilisafiri ndani ya chembe za mafuta, na kwa sababu chembe hizo haziamshi kinga kama virusi, dozi ya pili na ya tatu ziliwezekana. Virusi ungevipeleka mara moja tu. Mara ya pili mwili ungekuwa unavisubiri.

Kilichobadilika kati ya mwaka 1999 na 2025 ni mambo mengi, lakini mojawapo ni atomu ya nitrojeni.

Lipidi, yaani molekuli za mafuta, za kwanza kubeba RNA zilikuwa na chaji chanya muda wote. Chaji chanya huishika RNA vizuri, ila hushika pia karibu kila kitu kilichomo kwenye damu, na huumiza seli. Pieter Cullis na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, wakishirikiana na wakemia wa kampuni ya Alnylam, walitafuta lipidi inayobadilika kulingana na mahali ilipo: isiyo na chaji ndani ya damu, ambako pH ni 7.4, na yenye chaji chanya ikikutana na asidi. Kazi hiyo hufanywa na nitrojeni iliyo kichwani mwa molekuli. Asidi ikizidi, nitrojeni hudaka protoni, ikipungua, huiachia. Kiwango inapogeukia huelezwa kwa namba iitwayo pKa, na mkemia anaweza kuisogeza namba hiyo kwa kuongeza au kupunguza kaboni moja tu jirani na nitrojeni. Walitengeneza makumi ya lipidi zilizotofautiana kwa udogo huo, wakazijaribu kwenye panya moja baada ya nyingine. Mwaka 2012 walitangaza kwamba zilizofanya kazi vizuri zimebanana kwenye nafasi nyembamba, pKa kati ya 6.2 na 6.5. Iliyowashinda wenzake wote, DLin-MC3-DMA, ina pKa ya 6.44.

Chembe zenyewe hutengenezwa hivi. Mrija mmoja hupitisha alkoholi iliyoyeyushiwa lipidi 4: hiyo yenye nitrojeni, lehemu, fosfolipidi iitwayo DSPC, na lipidi iliyounganishwa na mkia wa PEG unaopenda maji. Mrija wa pili hupitisha RNA ndani ya maji yenye asidi, pH 4. Mirija hukutana kwenye kiungo chenye umbo la T, na vimiminika huchanganyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwenye asidi ile lipidi ina chaji chanya, hivyo hushikana na RNA. Alkoholi inapozidiwa na maji, mikia ya mafuta haina pa kukimbilia isipokuwa kukusanyika pamoja, kama sabuni inavyolizingira doa la mafuta na kuliweka katikati. Kisha alkoholi na asidi huondolewa, pH hupandishwa hadi 7.4, chaji hutoweka, na kinachobaki ni chembe tulivu zenye upana wa karibu nanomita 100 au chini ya hapo. Katika dawa ya kwanza iliyotokana na kazi hii, kati ya kila molekuli 100 za lipidi, 50 ni MC3, lehemu ni 38.5, DSPC 10 na lipidi ya PEG 1.5. Ukibadilisha namba hizo kidogo, unapata chembe nyingine yenye tabia nyingine.

Seli huimeza chembe ndani ya kifuko, na kifuko huanza kujijaza asidi, kama kifanyavyo kwa kila kinachomezwa. Hapo ndipo hesabu ya pKa inapolipa. pH ikishuka chini ya 6.4, nitrojeni nyingi hudaka protoni, lipidi hupata chaji, hujibandika kwenye kuta za kifuko na kuzivuruga mpaka RNA inapata upenyo wa kutoka. Nyingi hazipati. Vipimo vya mwaka 2013 kwa RNA fupi vilionyesha kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ya mzigo ndiyo inayofanikiwa kutoka kifukoni. Dawa inafanya kazi kwa hiyo sehemu ndogo, na kila mkemia wa fani hii anajua kwamba kuiongeza kungeshusha dozi, na pamoja na dozi kungeshuka madhara na bei.

Agosti 2018 Marekani iliidhinisha Onpattro, dawa ya ugonjwa wa transthairetini, protini ya ini inayojikunja vibaya na kuziba neva na moyo. Onpattro hunyamazisha ujumbe wa jeni hiyo, na hutolewa kila wiki 3. Mwaka 2021 Julian Gillmore wa London na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 6 wa ugonjwa huohuo waliopewa dripu moja ya chembe za mafuta zilizobeba mRNA ya Cas9 na RNA ya mwongozo. Safari hii jeni yenyewe ilikatwa. Kwa waliopata dozi kubwa zaidi, protini ile ilishuka kwa wastani wa asilimia 87 kufikia siku ya 28. Na kama ulichanjwa Pfizer au Moderna wakati wa UVIKO-19, bega lako lilipokea ndugu wa lipidi hizi.

Lakini karibu mifano yote niliyoitaja inaishia kwenye ini. Hilo si bahati. Chembe ikiingia kwenye damu hupoteza mkia wake wa PEG na kujipatia protini ya damu iitwayo ApoE, ile inayobeba lehemu. Seli za ini zina vipokezi vya kupokea lehemu, zikaipokea na dawa. Mwili uliandika anwani wenyewe; wakemia waliigundua baadaye.

Shida huonekana pale anwani hiyo inapokosekana. Wapo watu waliozaliwa bila vipokezi hivyo vya lehemu, na haohao ndio wenye lehemu ya kutisha inayoua kwa moyo wakiwa bado vijana. Tiba ya kuwahariri jeni ya PCSK9 ili lehemu ishuke isingeweza kuingia kwenye maini yao. Suluhisho lilitoka kwenye sukari. Miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell walikuwa wakifuatilia protini moja ya damu inayobeba shaba. Walipoiondolea asidi ya sialiki iliyo kwenye ncha za minyororo yake ya sukari, protini ilitoweka kwenye damu kwa dakika chache na kuonekana ndani ya ini. Ini, kumbe, lina kipokezi kinachodaka protini zenye sukari zilizochakaa. Wakemia walichukua sukari iitwayo GalNAc, wakafunga 3 kwenye shina moja kwa nafasi zinazolingana na kipokezi hicho, na kuiunganisha na RNA. Inklisirani, dawa ya kushusha lehemu inayodungwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo, ni zao la kazi hiyo. Sasa GalNAc hupachikwa pia juu ya chembe za mafuta zinazobeba kihariri, ili ziingie kwenye ini hata kwa mtu asiye na kipokezi cha lehemu.

Kutoka nje ya ini ni kazi nyingine, na ndiyo inayotuhusu sisi wa nchi za selimundu. Mwaka 2020 Daniel Siegwart na wenzake wa Dallas, Texas, walionyesha jambo rahisi kiasi cha kushangaza. Waliongeza lipidi ya tano kwenye zile 4. Walipoweka lipidi yenye chaji chanya ya kudumu na kuiongeza hatua kwa hatua, chembe zilihama kutoka kwenye ini la panya hadi kwenye mapafu. Walipoweka yenye chaji hasi, zilikwenda kwenye wengu. Mwili ulikuwa ukisoma ngozi ya chembe na kuivalisha protini tofauti za damu, na protini hizo ndizo zilizoamua safari.

Uboho bado ni mgumu zaidi. Seli shina za damu ni chache, zimejificha, na chembe nyingi humalizwa na ini kabla ya kuzifikia. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Hamideh Parhiz na Stefano Rivella ilibandika kingamwili ya CD117, alama iliyo juu ya seli shina hizo, kwenye chembe za mafuta, na kuzihariri seli ndani ya panya bila kuzitoa nje. Jaribio lao la pili ndilo lililonigusa zaidi. Chembe zilezile zikibebeshwa ujumbe wa PUMA, protini inayoiamuru seli ijiue, zilifungua nafasi kwenye uboho bila kemotherapi. Kwa maneno mengine, kile kipande cha tiba kinachomgharimu msichana wa miaka 15 uwezo wake wa kuzaa kinaweza siku moja kufanywa na mafuta, kingamwili na RNA inayooza yenyewe. Hao walikuwa panya, nami sitaki kumpa mzazi tumaini ambalo bado halijafika wodini. Lakini njia sasa ina ramani. Oktoba 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates walitangaza kutenga dola milioni 100 kila upande kwa miaka 4 kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zinazoweza kutolewa Afrika kusini mwa Sahara, na lengo lililotajwa lilikuwa hasa hili, tiba inayofanyika ndani ya mwili.

Chembe za mafuta si salama kwa kuwa tu si virusi. Aprili 2024 jaribio la toleo la kwanza la tiba ya PCSK9 lilisitishwa kuingiza wagonjwa wapya baada ya mmoja kupata mabadiliko mabaya ya vimeng'enya vya ini na kushuka kwa chembe sahani. Wenye dawa waliishuku lipidi, si kihariri, wakabadilisha lipidi. Oktoba 2025 majaribio makubwa ya tiba ya kuhariri jeni ya transthairetini yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja kupata madhara makali ya ini, na mgonjwa huyo alifariki mwezi uliofuata. Mambo haya lazima yasemwe kwa sauti ileile tunayosemea mafanikio.

Na yanatuleta kwenye swali la pili. Dawa ya kawaida ikikudhuru, daktari huiacha, na figo na ini huimaliza. Kihariri jeni hakikupi nafasi hiyo. Kinapokata, kimekata. Mwongozo wake wa herufi 20 pia huvumilia makosa: mahali penye herufi 18 zinazofanana panaweza kukatwa pia, na kadiri Cas9 inavyokaa kwenye seli ndivyo nafasi ya kukata pasipotakiwa inavyoongezeka. Ikiletwa na virusi vya AAV, seli inaweza kuendelea kuitengeneza kwa miezi au miaka. Ikiletwa kama mRNA hudumu siku chache, na hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, unachotaka ni kuwa na mkono juu yake: uiwashe unapoamua, na uizime unapoamua.

Wakemia wamejaribu mengi. Mwaka 2020 timu ya Taekjip Ha, Johns Hopkins, iliutengeneza mwongozo wa RNA wenye vipande vinavyozuia ukataji, na vipande hivyo huvunjwa na mwanga. Cas9 hufika mahali pake, hushika DNA na kungoja. Mwanga ukiwashwa, hukata ndani ya sekunde chache. Kwa utafiti ni chombo cha ajabu. Kwa mgonjwa, mwanga haufiki kwenye ini wala kwenye mfupa. Mwaka 2015 maabara ya David Liu, mkemia wa Harvard, iliingiza ndani ya Cas9 kipande cha protini kinachoilemaza mpaka kikutane na umbo tendaji la tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Kikikutana nalo, kipande hujikata chenyewe na kutoka, na Cas9 huanza kazi.

Njia ninayotaka kukaa nayo ni ya trimethoprimu. Dawa hii, iliyotoka kwenye maabara ya George Hitchings, aliyepata Nobel mwaka 1988, huziba kimeng'enya cha bakteria kiitwacho DHFR. Thomas Wandless wa Stanford alikiharibu kimeng'enya hicho makusudi, kwa kubadilisha asidi amino chache, hadi kikawa kilegevu kiasi kwamba seli hukivunja mara tu kinapotengenezwa. Kikishikwa na trimethoprimu hukaza na kupona. Ukikiunganisha na protini nyingine, hatima zao zinakuwa moja. Mwaka 2017 Amit Choudhary na wenzake wa Boston walikifunga kwenye Cas9. Bila trimethoprimu, seli hula Cas9 yote. Ukiweka trimethoprimu, Cas9 hubaki na kukata. Ukiongeza dozi, inakata zaidi, ukiiondoa, inatoweka. Hatimaye kihariri kimepata kile ambacho kila dawa nzuri inacho, dozi na muda.

Sasa chukua kidonge cha Septrin, kile cheupe cha kawaida. Ndani yake kuna miligramu 400 za sulfamethoksazoli na miligramu 80 za trimethoprimu. Kwa mkemia wa Boston, trimethoprimu ni swichi nzuri kwa sababu inajulikana, ni salama, ni rahisi, na kwake mgonjwa wa kawaida haimezi kila siku. Kwetu ni tofauti kabisa. Septrin, yaani kotrimoksazoli, hupewa watu wengi wanaoishi na VVU kila siku ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na watoto waliozaliwa na mama wenye VVU huanzishiwa wakiwa na wiki 4 hadi 6. Zaidi ya hapo, hununuliwa duka la dawa kwa kuhara, kwa kikohozi, kwa mkojo unaouma, mara nyingi bila cheti. Kihariri kinachowashwa na trimethoprimu, kikipewa mtu wa Mbeya au Kisumu, kingeweza kuwashwa na muuza duka asiyejua kama kipo. Doksisaiklini, ambayo maabara nyingi huitumia kuwashia jeni, ina tatizo lilelile.

Hoja yangu si kwamba wakemia hao wamekosea. Kwa panya na kwa seli za maabara, chaguo lao ni sahihi. Hoja ni kwamba swichi huchaguliwa mapema, watu wachache wakiwa mezani, na baadaye kuibadilisha ni kuanza dawa upya. Mtu anayejua kilichomo kwenye rafu za maduka ya dawa ya Tandale anapaswa kuwa mezani hapo.

Ndiyo maana vizimio vinanivutia kuliko viwashio. Bakteria na virusi vyao wamepigana kwa muda mrefu mno, na virusi navyo vina silaha: mwaka 2013 Joe Bondy-Denomy na wenzake wa Toronto walitangaza protini za virusi zinazoziba mifumo ya CRISPR. Ni breki kamili, isipokuwa nazo ni protini, na protini haziingii kwenye seli zikiitwa. Maabara ya Choudhary na ya Ronald Raines wa MIT zilizipa njia isiyotarajiwa: vipande vya sumu ya kimeta, vile ambavyo bakteria huvitumia kuingiza sumu kwenye seli za ng'ombe na za watu. Sumu iliondolewa, mlango ukabaki, na breki ikapita.

Nyingine ni molekuli ndogo kabisa. Mwaka 2019 kundi la Choudhary lilichuja maelfu ya molekuli za usanisi na kuipata BRD0539, yenye uzito chini ya daltoni 500, inayoizuia Cas9 isishike DNA. Inapenya utando wa seli yenyewe, na ukiiondoa Cas9 huendelea na kazi. Molekuli ya namna hii haimo kwenye kidonge chochote sokoni. Hakuna atakayeimeza kwa bahati mbaya, na hata akiimeza, kosa lake litakuwa kusimamisha kazi, si kuianzisha.

Bado iko mbali na mgonjwa. Imefanya kazi kwenye seli za maabara, na nguvu yake inahitaji kupandishwa sana, kwa njia ileile ya MC3: badilisha kaboni, pima, badilisha tena. Lazima ifike kwenye seli zilezile zilizopokea kihariri, wakati uleule. Na lazima ipimwe pamoja na rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayoamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine nyingi, kuanzia vidonge vya uzazi wa mpango hadi baadhi ya ARV. Kizimio kinachovunjwa na vimeng'enya hivyo kitakuwa kimekwisha huku Cas9 bado inakata. Kipimo hicho huhitaji seli za ini, rifampisini na mashine ya kupima kiasi cha molekuli kilichobaki, na mahali pa kukifanyia ni Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wakati molekuli bado ni mchoro unaoweza kubadilishwa.